Ngeli za Vifaa: Jibu kwa Kalamu Nyekundu

Washairi wenzangu na wapenzi wa lugha, niliahidi kuandika mwezi huu juu ya vina vya kati. Vina vitasubiri. Wiki mbili zilizopita nilirudishiwa mswada wa sura moja niliyoombwa niiandike katika kijitabu cha kompyuta cha wanafunzi wa sekondari. Sura yenyewe ilihusu namna mfumo endeshi unavyokitambua kifaa kinapochomekwa kwenye tundu la USB. Kila mahali nilipoandika "ngeli ya kifaa", mhariri alikata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake "klasi". Pembeni mwa ukurasa wa kwanza aliniachia maneno matano: "Hii ni sayansi, si ushairi."

Mhariri huyo simtaji, kwa kuwa ugomvi wangu hauko kwake. Ugomvi wangu uko kwenye wazo lililomshika mkono, nalo limewashika wengi: kwamba Kiswahili kinafaa kwa mahaba, msiba na methali, lakini kikifika mlangoni mwa mashine sharti kivue viatu na kuazima vya wengine. Mimi nasema kwamba neno ngeli halikuwa pambo katika sura ile. Ndilo neno lililo karibu zaidi na jambo lenyewe, kwa sababu kinachotendeka ndani ya kompyuta wakati ule ni upatanisho. Na mwanafunzi anayelielewa jambo hilo kwa neno lake la nyumbani huiona hatari ambayo neno klasi linamfichia.

Tuanze na kazi yenyewe, maana haifai kubishania jina la kitu tusichokijua.

Zamani umbo la tundu ndilo lililokuwa utambulisho. Printa ilikuwa na tundu lake pana lenye pini nyingi, kibodi ikawa na lake dogo la duara, modemu nayo ikawa na lake. Kompyuta haikuhitaji kuuliza nani amekuja. Mlango aliopitia ulitosha kumweleza. Januari 1996 lilitolewa toleo la kwanza la USB, kazi ya kundi la kampuni zikiwamo Intel, Microsoft, IBM, Compaq na NEC. Miongoni mwa wahandisi wake anayetajwa sana ni Ajay Bhatt wa Intel, mzaliwa wa India. Shabaha ilikuwa tundu la aina moja kwa vifaa vyote. Lakini milango yote ikishafanana, mlango haumwelezi tena mwenyeji ni mgeni gani anayebisha. Ikabidi mashine ijifunze kuuliza.

Basi hivi ndivyo inavyouliza. Ukichomeka kifaa, kompyuta huhisi badiliko la umeme katika nyaya za data. Hukiamuru kifaa kianze upya, kisha hukisemesha kwa anwani 0, ambayo ni anwani ya kila mgeni ambaye hajapewa yake. Hukipa anwani mojawapo kati ya 1 na 127, na kukiomba wasifu. Wasifu huo wa awali ni mfupi, baiti 18 tu, lakini ndani yake mna mambo mazito: namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa, na namba ya kile nilichokiita ngeli. Namba hizo za ngeli zimepangwa katika orodha ijulikanayo na wote. 01 ni vifaa vya sauti. 03 ni vifaa vinavyopokea mkono wa binadamu, kama kibodi na kipanya. 06 ni vya picha, 07 ni printa, 08 ni vya hifadhi, kama flashi, 09 ni vile vinavyogawa tundu moja kuwa mengi, na 0E ni vya video. Hesabu yake ni ya msingi wa kumi na sita, ndiyo maana herufi huingia kati ya tarakimu. Mwisho kabisa iko FF, ngeli ya kifaa kinachosema: mimi sifuati utaratibu wa wengine, mtafuteni aliyeniunda.

Baada ya kusoma wasifu, mfumo endeshi hutafuta kiendeshi, yaani programu itakayozungumza na kifaa hicho. Windows hutazama kwanza kama inacho kiendeshi cha mtengenezaji yule na bidhaa ile hasa. Isipokipata, hurudi kwenye ngeli na kuchukua kiendeshi cha jumla kinachoihudumia ngeli nzima. Katika Linux, kila kiendeshi huja na orodha ya vifaa kinavyovipokea, vingine kwa namba ya mtengenezaji, vingine kwa ngeli. Mfumo hulinganisha orodha na wasifu, na panapolingana pakaungwa. Waliotumia Windows 98 wanakumbuka adha ya kununua flashi na kuambiwa waweke kwanza diski ya mtengenezaji wake. Windows 2000 na Windows Me zilikuja na kiendeshi cha jumla cha hifadhi, na adha hiyo ikapungua: flashi ya kampuni ambayo mfumo haujapata kuisikia ilifunguka, mradi ilijitaja kuwa ya 08 na kutenda kama wenzake wa 08.

Sasa nawauliza enyi mnaoijua sarufi: jambo hili mmelionea wapi?

Neno kishikwambi lilipoenea Tanzania, hasa wakati wa sensa ya mwaka 2022, hakuna aliyetufundisha namna ya kulitumia katika sentensi. Hata asiyejua kishikwambi ni kitu gani alisema, bila kusita, "kishikwambi changu kimeharibika, nitafutie kingine". Alipata wapi changu, kime- na kingine? Hakuviokota kwenye neno lenyewe. Alivikuta vimeshawekwa tayari katika ngeli, kwa ajili ya kila neno litakaloingia, liwe la jana au la kesho. Hicho ndicho kiendeshi cha jumla. Kitenzi hakihitaji kuijua nasaba ya nomino. Chahitaji kujua ngeli yake, na mazungumzo yanaendelea. Mfumo endeshi hauhitaji kuijua nasaba ya kipanya chako; wahitaji kujua kuwa ni cha 03, na mshale unatembea.

Tazama tena. Printa nyingi za siku hizi huchapa na pia huskani. Kifaa kimoja, waya mmoja, kazi mbili. Katika hali kama hiyo kifaa huweza kuandika 00 mahali pa ngeli kwenye wasifu wake mkuu, maana yake: msinipange mimi mzima mzima, vipangeni violesura vyangu kimoja kimoja. Kisha kila kiolesura hutaja ngeli yake, na kila kimoja hupata kiendeshi chake. Wanafunzi huliona jambo hili gumu mno likifundishwa kwa klasi. Mimi nilianza kwa kuwaandikia ubaoni: "Rafiki yangu amefika." Nikawauliza, neno rafiki limepatana na nani? Kwenye kimilikishi limepatana kama nyumba yangu na kalamu yangu. Kwenye kitenzi limepatana kama mtu amefika. Nomino moja, upatanisho wa namna mbili, kila mmoja mahali pake, wala hakuna Mswahili anayechanganyikiwa. Darasa likacheka, likaelewa, tukaenda mbele.

Najua mfano una mpaka. Ngeli zetu zina umoja na wingi; za USB hazina. Ngeli zetu hazikukaliwa kikao zikapigiwa kura. Za USB zilipangwa na wahandisi mezani. Sisemi kwamba mashine inasema Kiswahili. Nasema kwamba mambo haya mawili yamejengwa juu ya nguzo moja: kuwapanga wageni wasiojulikana katika makundi machache yanayojulikana, ili kila mwenye kushughulika nao ajue namna ya kuwasemesha. Hata desturi ya kuyapa makundi namba si ngeni kwetu. Wilhelm Bleek aliziwekea ngeli za lugha za Kibantu namba katika karne ya 19, Carl Meinhof akaendeleza kazi hiyo, na mpaka leo wanaisimu huandika kuwa kitabu ni ngeli ya 7 na vitabu ni ya 8.

Sasa tuyapime maneno yanayoshindana na ngeli. Klasi haina kosa la jinai. Maneno ya kukopa ni riziki ya lugha, na kitabu chenyewe tumekikopa kwa Waarabu, tukakisikia kina ki-, tukakizalia vitabu. Lakini kukopa kuna adabu yake: hukopi chumvi dukani ilhali yako imejaa chunguni. Darasa ni mahali pa kusomea. Tabaka lina utajiri na umaskini ndani yake. Daraja lina juu na chini, ilhali kibodi ya 03 haiko chini ya flashi ya 08. Kundi ni la vitu vilivyokusanyika. Aina ndilo neno la karibu, lakini ni pana mno: maembe yana aina, magonjwa yana aina, wala aina hailazimishi chochote juu ya kile kinachoifuata. Ngeli hulazimisha. Ukishasema KI-VI, umeshaamua viambishi vyote vitakavyofuata katika sentensi. Ukishasema 08, umeshaamua kwa sehemu kubwa amri ambazo kompyuta itakitumia kifaa kile. Ulazima huo ndio kiini cha jambo, na katika maneno yote hayo ni ngeli peke yake inayoubeba.

Wako wanaosema kuwa ngeli ni istilahi ya sarufi, tusiihamishe. Ndugu zangu, ngeli yenyewe ni mhamiaji. Wanasarufi wengi hutueleza kuwa imetoka katika Kihaya, ilikokuwa na maana ya aina ya kitu. Ilivuka kutoka Kagera hadi kwenye vitabu vya sarufi bila kuombwa pasipoti. Kwa nini isivuke tena hadi kwenye vitabu vya kompyuta? Kipanya kilihama kutoka ghalani hadi mezani. Virusi vilihama kutoka hospitali hadi kwenye programu. Hata hilo neno la Kiingereza wanalotaka tuliige halikuzaliwa kwenye kompyuta. Lilitembea kutoka kwenye jamii na shule ndipo likafika huko. Wenye lugha yao waliruhusu neno lao litembee. Sisi letu tunalifunga kamba.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya niache vina na kushika hoja hii, kwa kuwa mpaka hapa mhariri wangu angeweza kusema kwamba nimeleta mfano mzuri wa kufundishia na hapana zaidi.

Nilipokuwa nikiijaribu sura ile darasani, kabla ya kuipeleka, nilieleza kwamba kifaa ndicho kinachojitajia ngeli yake. Binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "kiongozi amevaa ki-, lakini hatusemi kiongozi kimefika. Je, kifaa nacho kinaweza kuvaa ngeli isiyo yake?"

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu mtoto yule alikuwa amegusa donda. Wasomaji wa ukumbi huu mnaujua mjadala wetu wa siku nyingi: je, ngeli zipangwe kwa umbo la nomino, tuseme M-WA, KI-VI, JI-MA, au kwa upatanisho wake katika sentensi, tuseme A-WA, KI-VI, LI-YA? Kiongozi, kijana, kipofu, kifaru na kiboko ndio mashahidi wanaoitwa kila mara. Kwa vazi lao ni watu na wanyama wa KI-VI. Kwa mwenendo wao ni wa A-WA, maana tunasema kiongozi amefika, kiboko amezama. Lugha imeliona vazi, ikalivua, ikatazama kilichomo ndani: kina uhai. Lugha haikudanganyika.

Mfumo endeshi hauna jicho hilo. Unachokijua juu ya kifaa ni kile kifaa chenyewe ilichokisema. Namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa, ngeli, vyote ni maneno ya mgeni kuhusu nafsi yake. Agosti 2014, katika mkutano wa Black Hat kule Las Vegas, watafiti wa usalama Karsten Nohl na Jakob Lell kutoka Ujerumani walionyesha matokeo ya jambo hili. Walionyesha kwamba programu ya ndani kabisa ya flashi ya kawaida, ile inayoendesha chipu yake, inaweza kuandikwa upya ili flashi ijitambulishe kuwa kibodi. Wakaliita jambo hilo BadUSB. Kwa macho ni flashi. Kwa wasifu ni 03. Kompyuta inaikaribisha kama kibodi, na kibodi huaminiwa kama vidole vya mwenye kompyuta. Basi flashi ile huanza kuandika amri kwa kasi ambayo hakuna mpiga chapa anayeiweza, na mashine hutii, ikidhani ni wewe unayeandika. Programu za kuzuia virusi zilizozoea kukagua mafaili hazisaidii hapo, kwa kuwa ubaya haumo kwenye mafaili. Umo kwenye ulimi wa kifaa.

Mwenzangu, hebu pima. Swali ambalo watafiti waliobobea walisimama kulieleza mbele ya wataalamu wa dunia, binti wa kidato cha pili aliliuliza akiwa hajasikia hata mara moja habari za BadUSB. Sisemi kwamba angeweza kuunda flashi ile, wala kuizuia. Nasema aliijua njia ya kufikia shaka hiyo, na aliyempa njia ni neno ngeli. Darasa la mwaka uliotangulia nililifundisha kwa klasi. Walikariri namba zote, 01 hadi FF, wakazijibu vizuri kwenye mtihani, wala hakuna aliyeuliza kitu. Klasi haikuwa na jirani yeyote vichwani mwao wa kuiuliza habari. Ngeli ilikuwa na ukoo mzima: ilikuwa na kiongozi, na rafiki, na kitabu kilichotoka Uarabuni, na ugomvi wa umbo na upatanisho. Neno likiwa na ukoo, mtoto hufikiri. Likiwa yatima, mtoto hukariri.

Tena lugha haikuishia kwenye swali. Inaelekeza na jibu. Kiongozi tunamjua kuwa ni wa A-WA kwa sababu tumetoka nje ya neno tukatazama ulimwengu. Mashine haiwezi kutoka nje, lakini inaweza kumuuliza aliye nje. Tangu toleo la Ventura la mwaka 2022, kompyuta za mkononi za Mac zenye chipu za Apple huweza kumuuliza mwenyewe kama akiruhusu kifaa kipya kiunganishwe. Linux huweza kupangwa ikatae kila kifaa kipya mpaka kiidhinishwe. Maana yake ni moja: maneno ya mgeni hayatoshi, aitwe mwenye nyumba aje amtazame. Na mwenye nyumba huyo ndiye mwanafunzi wangu, karani wa duka la kuchapa, muuguzi, mwalimu mkuu. Ataombwa abonyeze kukubali au kukataa. Ataamuaje, ikiwa tulimfundisha jambo hili kwa neno asiloweza kulihoji? Ujinga wake utakuwa mlango, nasi ndio tuliouacha wazi kwa kuona haya ya lugha yetu.

Kwa hiyo jibu langu kwa kalamu nyekundu ni hili. Umeandika kwamba hii ni sayansi, si ushairi. Umesema kweli, na ndiyo sababu nilichagua neno kwa kipimo cha kisayansi: je, linaeleza kinachotendeka, na je, linamfikisha mtu kwenye swali linalofuata? Klasi imeshindwa kipimo cha pili mbele ya macho yangu. Mswada nimeurudisha kama ulivyokuwa. Wakiukataa, sura hiyo nitaifundisha kwa mdomo na chaki, kama mababu zetu walivyofundisha mambo makubwa zaidi ya haya.

Nanyi washairi, msidhani hamumo. Mmekaa miaka mkipima mizani na kugombea maneno ya kale, na hiyo ni kazi njema. Lakini maneno ya kesho yanaamuliwa leo, katika vijitabu kama hiki, na watu wanaodhani kwamba sisi hayatuhusu. Muulizeni mwalimu wa kompyuta wa mtaani kwenu anatumia neno gani. Akisema klasi, mwambieni habari za kiongozi.

Na kwa kuwa nimetuhumiwa ushairi, nisiondoke bila kuitimiza tuhuma:

Mgeni apiga hodi, mlangoni asimama,
Ataja jina na jadi, na kazi yake kusema,
Mwenyeji bila shahidi, amkubali mapema,
Vazi halifanyi mtu, tendo ndilo la kupima.

Ngeli ni yetu hazina, toka zama twatumia,
Mbona twalikana jina, la kigeni twarukia?
Tuliandike bayana, na vijana kusikia,
Vazi halifanyi mtu, tendo ndilo la kupima.